Prosesa Niliyomchagulia Kaka

Nyumbani kwetu Mzenga, mwezi wa Desemba ulikuwa na harufu ya makopa. Mama alimenya muhogo, akauvundika siku kadhaa, kisha akauanika juu ya bati la jiko, na jua lilipopanda uchachu wake uliingia kila mahali: kwenye kanga, kwenye mkeka, hata katikati ya kurasa za madaftari ya shule. Mwaka ule ninaousimulia harufu hiyo niliinusa siku mbili tu, maana shule zilipofungwa nilipelekwa Mlandizi kwa mama mdogo Zena, nikakae na kaka yangu Shabani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye kumi na sita. Alikuwa ameishi huko miaka mitatu kwa sababu moja tu: hospitali ilikuwa karibu. Shabani alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao kwetu wote huuita siko seli, na maumivu yake yalikuwa hayapigi hodi. Leo yuko mzima anapasua kuni, kesho mifupa inamuuma hadi anang'ata shuka. Kutoka Mzenga wakati wa mvua, njia ikishakuwa tope, mgonjwa wa namna hiyo alikuwa hafiki kwa wakati. Kwa hiyo Mama alimkabidhi kwa mdogo wake kama mtu anayempa mwenzake yai amshikie.

Macho ya Shabani yalikuwa na umanjano kidogo, na mabega yake yalikuwa membamba kuliko yangu. Mpira alikuwa hachezi. Shuleni alikosa siku nyingi hadi walimu wakazoea kuliruka jina lake. Alichokuwa nacho ni simu ya mama mdogo, aliyoazimwa kila jioni baada ya chakula, na daftari moja la kaunta ambalo alinakili ndani yake kila alichosoma kuhusu kompyuta. Karibu na stendi kulikuwa na fundi mmoja, Kassimu, aliyetengeneza kompyuta na kuchapa barua za watu, naye alimpenda Shabani kwa sababu aliuliza maswali ya maana. Siku alizojisikia vizuri, kaka alishinda pale akifuta vumbi na kufungua skrubu. Fundi akampa kasha tupu la kompyuta lililotoka kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Baadaye akampa kioo chenye mstari mmoja wa kijani pembeni, kisha kibodi, kisha lile sanduku la umeme, kisha diski. Vitu hivyo vilikaa chini ya kitanda chake, kila kimoja ndani ya mfuko wa rambo, vikisubiri. Zilikuwa zimebaki sehemu ambazo hakuna mtu anayezitupa: mazabodi, yaani ubao unaobeba na kuunganisha vyote, RAM ya kumbukumbu, na prosesa.

Mwaka ule korosho zilikubali. Baba alikuwa amemwahidi Shabani kwamba zikikubali atamnunulia kitu kimoja anachokitaka yeye mwenyewe, siyo dawa wala sare ya shule. Akaja Mlandizi pamoja na Mama, wamebeba kiroba cha muhogo, na Shabani akamketisha sebuleni akamfungulia daftari. Naikumbuka picha hiyo vizuri: Baba na kofia yake ya kufuma, kidole chake kigumu kimewekwa juu ya mchoro wa kitu kidogo cha mraba.

"Hii ndiyo nini?"

"Ndiyo prosesa, Baba. Hii ndiyo inayofikiri. Vingine vyote vinaitumikia."

"Na mbona umechora mbili?"

Shabani akamweleza, na kwa vile nilikuwa nimeketi pale nikipepeta mchele, nikaelewa na mimi. Prosesa ya kwanza ilikuwa na uwezo wa picha ndani yake yenyewe. Ukiinunua leo, leo hiihii unacheza gemu, ingawa si gemu nzito. Ila ilikuwa ya mwisho katika ukoo wake. Mazabodi inayoibeba isingepokea nyingine mpya zaidi, na ikichoka umechoka nayo. Ya pili ilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi, na mazabodi yake ilikuwa imetoka karibuni, ya kupokea prosesa mpya kwa miaka mingi mbele. Lakini haikuwa na picha ndani. Bila kadi ya picha ya kununuliwa peke yake, kioo kingebaki cheusi. Na kadi hiyo ingesubiri korosho za mwaka utakaofuata.

Baba akafikiri, kisha akauliza kama anavyouliza kwenye kitalu cha miche. "Kwa hiyo moja inazaa mapema, nyingine inachelewa ila inadumu?"

Shabani akacheka kwa furaha hadi akakohoa. "Hivyohivyo, Baba! Umeielewa kuliko fundi."

"Mimi ningepanda hiyo inayodumu," Baba alisema. "Lakini mwenye shamba ni wewe."

"Na mimi ndiyo ninayoitaka."

Ingekuwa imeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Alasiri ileile nilitumwa kuosha vyombo nyuma ya jiko. Mama na mama mdogo walikuwa ndani wanachambua kisamvu, na ukuta wa jiko ulikuwa wa mabanzi. Mama mdogo alizungumza kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo mtoto huisikia vizuri kuliko kelele. Alisema, "Dada, ujiandae moyo. Yule kijana wa nyumba ya pili alikuwa na ugonjwa huuhuu, hakufika ishirini." Mama akachambua majani mengine mawili matatu. Kisha akasema, "Najua. Kila nikija namwangalia kama namuaga." Mama mdogo akasema basi mwacheni apate raha yake, kompyuta siyo kompyuta, apate tu. Nilibaki nimeshika sufuria yenye majivu. Hakuna daktari aliyewahi kusema maneno yale, na leo najua kwamba mama mdogo alisema alichokiona kwa jirani, basi. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minne, na waliosema walikuwa ndio watu wazima wangu. Tangu saa ile nilipomwona Shabani akiandika kwenye daftari mambo ya mwaka ujao, nilihisi kama mtu anayemwona mwenzake akishona nguo ambayo hataivaa.

Wiki moja baadaye, asubuhi ya Alhamisi, nilimkuta amejikunja kitandani, jasho limelowesha mto. Mikono ilikuwa imevimba hadi viungo vya vidole havionekani. Mama mdogo akaita bajaji, tukamweka katikati yetu. Kila bajaji iliporuka shimo alivuta pumzi kwa meno, lakini hakulia. Tulipokaribia hospitali akaniambia niingize mkono kwenye mfuko wa shati lake, nitoe karatasi.

"Mpelekee fundi," alisema. "Kesho anakwenda Kariakoo, na hela za Baba anazo. Usisahau, Hawa."

"Sitasahau."

"Niapie."

Nikamwapia. Walimlaza, wakamtundikia dripu, wakampa dawa ya maumivu, na mchana alipopata usingizi mama mdogo akanirudisha nyumbani nikachukue shuka. Njiani niliifungua karatasi. Alikuwa ameandika jina na namba za ile prosesa ya pili, akazipigia mistari miwili chini. Chini kabisa, kwa herufi zilizotetemeka kidogo, aliandika: Kadi ya picha, msimu ujao. Nilisimama kando ya barabara nikayasoma maneno hayo mawili ya mwisho tena na tena. Malori yalipita yakanirushia vumbi. Nilimwona amelala wodini na mkono ule uliovimba, nikamwona pia mbele ya kioo cheusi mwaka mzima, akisubiri korosho. Sikuweza kumwachia asubiri.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Hawa. Mgonjwa anaendeleaje? Nimesikia."

"Wamemlaza."

"Pole sana, mdogo wangu. Ameamua ipi? Maana kesho asubuhi naondoka."

Karatasi ilikuwa ndani ya ngumi yangu, chini ya mtandio. "Ile yenye picha ndani yake."

Fundi Kassimu akaacha kuchapa. "Jana alisimama hapohapo akanihubiria ile nyingine saa nzima. Nusura ninunue na mimi."

"Amebadili mawazo."

Aliniangalia, akaangalia pembeni, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa na mawazo yaleyale. "Haya," akasema. "Mimi nimetumwa tu." Nilipofika nyumbani karatasi niliitupa chooni.

Shabani alilala wodini siku tisa. Mimi na mama mdogo tulipokezana kumpelekea uji, na kila nilipokaa pembeni ya kitanda chake alinieleza jinsi tutakavyounganisha, nani ashike taa, nani ashike skrubu. Nilijibu ndiyo, ndiyo. Nilijiambia kwamba akirudi na kuikuta kompyuta inayowaka na kucheza siku hiyohiyo, hatauliza mengi, furaha itamfunika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua watu wakati huo. Aliporudi alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alikaa kwenye mkeka sebuleni, mama mdogo akamwekea boksi la prosesa miguuni, mazabodi na RAM pembeni. Hakulifungua. Alisoma ubavuni, kidole kikifuata namba moja baada ya nyingine, kisha akarudia tangu mwanzo.

"Hawa, hii siyo."

"Fundi alisema ile nyingine imekwisha."

"Imekwisha?" Akaguna. "Basi bahati mbaya." Akanitazama kama anayetaka kunifariji mimi, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake fundi Kassimu alipita kumjulia hali na kumletea skrubu zilizopungua. Shabani akamwuliza kwa adabu kama ile nyingine inaweza kupatikana baadaye, kwa kubadilishana, kwa vile iliisha.

"Iliisha wapi? Zilikuwa zimejaa dukani," fundi alisema. "Si mlibadili mawazo wenyewe? Na boksi nimeshalifungua kuijaribu, pale hawarudishi." Halafu akaona nyuso zetu. Akaziweka skrubu mezani moja moja, taratibu, kama vitu vinavyoweza kuvunjika, akaaga.

Mama mdogo alikuwa sokoni. Tulibaki wawili, na feni ya dari inayolalamika.

"Kwa nini?" Shabani aliuliza. Hakupaza sauti.

"Nilitaka ucheze sasa."

"Mimi nilikuwa na haraka?"

Nilikuwa nachomoa nyuzi za mkeka.

"Hawa, niangalie. Uliona sitafika msimu ujao."

Nilianza kulia, na huko kulia kulikuwa jibu. Alisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite ili aendelee na safari. Akaniuliza ni nani aliyeniambia. Nikasema hakuna. Akataja jina la Mama, nikanyamaza. Akatikisa kichwa.

"Wote wananitazama hivyo," alisema. "Mama, mama mdogo, walimu. Nimezoea. Nilijua nyumba nzima ni wewe tu ambaye ukiniangalia unamwona Shabani."

Kwa siku tano boksi lilikaa chini ya kitanda. Alinisalimu asubuhi, alinishukuru nikimpa chakula, alinijibu nikimwuliza. Hakuna aliyetugundua, maana hatukugombana. Nilipika, nilifagia, nilichota maji, na kila kazi niliyoifanya ilikuwa nzito kama ninaifanya mara mbili. Nilitamani anipige. Siku ya sita, baada ya sala ya alasiri, nilimsikia akiniita chumbani. Alikuwa ametandaza kanga kuukuu sakafuni, amepanga kila kitu juu yake: kasha, sanduku la umeme, nyaya, mazabodi.

"Vidole vyangu bado havikunjiki," alisema. "Itabidi prosesa uiweke wewe."

Nikaketi. Akaniambia niguse kwanza bati la kasha nitoe umeme wa mwili. Akaniambia ninyanyue kishikizo kidogo cha chuma pembeni ya ule mraba mweupe wenye vitundu. Prosesa ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, chini yake ina miguu ya dhahabu mingi na laini kama manyoya ya kiwavi.

"Tafuta pembetatu ndogo kwenye kona. Umeiona? Kuna nyingine kwenye mazabodi. Zikutanishe."

"Nimezikutanisha."

"Sasa weka. Usiisukume. Ukiiweka sawa itazama yenyewe."

Niliiachia, ikazama. Sijui nieleze vipi utulivu ule, kitu kidogo namna ile kuingia mahali pake bila kulazimishwa. Shabani akashusha pumzi. Nikateremsha kishikizo, nikapaka ule uji mweupe wa kupoza joto, kiasi cha punje moja ya choroko kama alivyoniagiza, nikafunga feni juu yake. Tulifanya kazi hadi jua likaingilia dirisha la pili. Alipobonyeza swichi feni ikazunguka, kioo kikawaka na mstari wake wa kijani, na maandishi meupe yakapanda. Nilimtazama nione furaha. "Imewaka," alisema, kama mtu anayetangaza kwamba maji yamechemka. Kisha, baada ya kitambo, akasogea kwenye mkeka akaniachia nafasi nikae mbele ya kibodi.

Tulicheza likizo yote iliyobaki. Kulikuwa na gemu ya magari ambayo miti yake ilifanana na mabanzi, na ya mpira ambayo wachezaji hawakuwa na sura. Joto la Desemba likizidi tuliondoa ubavu wa kasha tukawasha feni ya mezani kuipepea. Alinifundisha kukata kona, alinicheka nilipogonga ukuta, na taratibu tukarudi kuwa ndugu. Lakini kila gemu ilipozidiwa na picha ikaganda, Shabani aliondoa mikono kwenye kibodi akasubiri kimya, bila kunitazama, mpaka iende tena. Hakuwahi kusema neno. Ningelipokea neno lolote kuliko kule kusubiri kwake.

Korosho zikakubali tena mwaka uliofuata. Baba alikuja, akaketi palepale sebuleni, akasema, "Haya, mwenye shamba. Ile kadi yako tukainunue wapi?" Shabani alikuwa na miaka kumi na saba na mashavu yake yalikuwa yamejaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nilijua anachoweza kusema, na kwamba kingekuwa kweli tupu. Akasema, "Nilighairi, Baba. Nilichukua ile inayozaa mapema. Sikutaka kusubiri." Baba akacheka, akasema vijana hawana subira. Nikaliweka sinia mezani. Mpaka leo Baba anaamini kwamba mwanawe alikosa subira.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kisarawe, na Shabani ana miaka ishirini na mitano. Ana fremu yake ya duka Mlandizi, anatengeneza kompyuta na simu, anameza vidonge vyake kila siku na kuhudhuria kliniki. Kompyuta ile aliifumua siku nyingi akaigawa vipande vipande kwa waliovihitaji. Simu yangu ya kawaida ina nguvu kuipita. Wanafunzi wangu wanacheza gemu mkononi wakitembea, na treni mpya inapita Soga kwa haraka ambayo hatukuwahi kuiota. Mambo mengi yamekuwa mepesi. Hili halijawa jepesi. Mama amezeeka, mama mdogo ana presha, kwa hiyo Shabani akizidiwa anayekwenda ni mimi, na bado anazidiwa, mwaka mwingine mara moja, mwaka mwingine mara nne. Nimeshika ndoo wodini, nimetafuta damu, nimelala kwenye benchi na kesho yake nimesimama mbele ya darasa. Watu huniambia nimshukuru Mungu, nami namshukuru. Lakini tangu alasiri ile nyuma ya jiko niko mguu nje, nimejiandaa kwa msiba ambao haujaja, na kujiandaa miaka yote hiyo kumenichosha kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Yeye hakuchoka hivyo. Yeye alikuwa akiishi.

Mwezi uliopita alinipigia nikiwa darasani. Mtandao ulikuwa unakatika, nilichosikia ni "hospitali" na "njoo." Kando ya kitanda changu daima kuna begi: kanga mbili, chupa ya chai, ndala, nakala ya kadi yake ya kliniki. Nilipita nyumbani nikalibeba, nikapanda bodaboda hadi barabara kuu, nikaunganisha magari mpaka Kibaha, kwenye hospitali ya kliniki yake, njiani nikisoma kila dua niliyoijua. Nilimkuta nje ya maabara, ameketi kwenye benchi la kivulini pamoja na Rukia, binti ambaye Shabani anataka kumwoa, wanakula machungwa.

"Mbona umekuja na begi?" aliuliza.

Akanipa karatasi yenye muhuri. Ilikuwa majibu ya damu ya Rukia. "Siko seli hana," alisema. "Hata chembe hana. Tumemwuliza daktari mara tatu. Watoto wetu hakuna atakayeugua kama mimi. Nilitaka uwe wa kwanza kujua."

Watoto wetu. Alilitamka kama mtu anayetaja kitu kilichopo tayari nyumbani. Niliketi pembeni yao, begi mapajani, nikalia mbele za watu, na Rukia akanishika bega akisema hongera, wifi, hongera, akidhani ni furaha tu. Shabani hakudhani hivyo. Alilichukua begi mapajani pangu, akaliweka chini ya benchi, mbali na miguu yangu. Akamenya chungwa, akaligawa, akanipa nusu kubwa.

"Kula, Hawa," alisema. "Umechoka."

Nikalipokea, nikala.